Kwani Umesota?

Hapa Section 58, Nakuru, mtu mzima akionekana anatembea kwa miguu saa mbili kasorobo asubuhi, na amevaa nguo za ofisi, lazima kutakuwa na maswali. Mengine yanaulizwa kwa macho tu. Mengine yanaulizwa kupitia dirisha la gari linaloshushwa polepole: "Kuna shida? Panda nikushushe tao." Na yule rafiki wa kweli, asiyejua kuzunguka mbuyu, atakuuliza moja kwa moja: kwani umesota?

Asubuhi hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo, kuna mzee mmoja wa mtaa wetu anayekimbia. Ana kaptura, ana saa ya kuhesabu hatua mkononi, na viatu vyake vingelipa karo ya mtoto muhula mzima. Huyo hakuna anayemshushia dirisha. Yeye anafanya mazoezi. Mimi nimesota. Vumbi tunalolikanyaga ni moja, na Nakuru ina vumbi la kutosha kila mtu. Hata jina la mji wenyewe husemwa limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Lakini yeye anaheshimiwa kwa kile kile ambacho mimi ninahurumiwa.

Nimekuwa nikiliwazia jambo hili kwa miezi kadhaa kwa sababu kuna fomu ya mkopo kwenye droo yangu. Nina akiba ya laki mbili kwa Sacco ya kazini, na kanuni yao ni mara tatu ya akiba. Hiyo ni laki sita. Wadhamini ninao, washaniambia nikiwa tayari watatia sahihi. Laki sita, nikiongeza kidogo, ni Vitz ya mkono wa pili yenye maisha bado. Marejesho ni karibu shilingi 16,000 kwa mwezi kwa miaka minne. Kutoka kwetu hadi ofisini, katikati ya mji, ni kama kilomita mbili na nusu. Nusu saa kwa miguu, kama sijakutana na mtu wa kunisimamisha.

Ukiweka hesabu hiyo mezani, hakuna cha kujadili. Nani hulipa 16,000 kwa mwezi, kabla hata ya mafuta na bima, kukwepa matembezi ya nusu saa? Jibu ni kwamba watu wengi sana hulipa, na wana akili timamu. Ina maana hesabu siyo inayoamua. Kuna kitu kingine.

Kuna elimu nzima inayoshughulika na hicho kitu kingine. Wanaiita sayansi ya tabia, na kazi yake ni kuchunguza kwa nini binadamu anafanya anachofanya, hasa pale anapokwenda kinyume na hesabu zake mwenyewe. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili kutoka Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionyesha kwamba kupoteza kitu kunauma zaidi kuliko raha ya kupata kitu cha thamani ile ile. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwaka 2008 Richard Thaler na Cass Sunstein wakachapisha kitabu kiitwacho Nudge, neno la Kiingereza lenye maana ya kumgusa mtu kwa kiwiko ili ageuke. Hoja yao: unaweza kumsogeza mtu kwenye uamuzi bora bila kumpiga faini wala kumkataza, ukibadilisha tu jinsi machaguo yanavyopangwa mbele yake. Serikali nyingi zimelipenda wazo hilo, na siku hizi linatumika hata kwenye usafiri: jinsi ya kuwafanya watu waache magari, watembee, waendeshe baiskeli, wapande basi, wapunguze moshi.

Wahenga wetu walikuwa na msimamo mwingine. Tabia ni ngozi, walisema, na ngozi haivuliki. Sayansi hii inasema tabia iko karibu zaidi na nguo. Unavaa ulichokikuta juu ya kiti.

Juu ya kiti changu, kila asubuhi, kuna boda. Nikifungua geti namkuta kijana ameegemea nduthi yake, ameshaniona kabla sijamwona. "Madam, twende?" Hilo swali ni la adabu tu, kwa sababu helmeti ashaichukua. Kusema ndiyo hakuhitaji nguvu yoyote. Kusema hapana ndiko kunakohitaji uamuzi, maelezo, na siku nyingine hata samahani. Shilingi 50 asubuhi, 50 jioni, siku 22 za kazi: 2,200 kwa mwezi, zaidi ya 26,000 kwa mwaka. Lakini hakuna siku nilitoa 26,000. Nilitoa hamsini. Hamsini haiumi. Septemba 2023, bei ya petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, nauli ya boda ilipanda na sote tukalalamika wiki mbili, kisha tukazoea. Mazoea yana taabu, na taabu yake kubwa ni kwamba huyaoni.

Mpaka hapo unaweza kudhani dawa ni rahisi. Mtu aelezwe faida za kutembea, aonyeshwe hesabu, atumiwe ujumbe mzuri kwenye simu. Hilo limejaribiwa, na kwa kiwango ambacho hatuna haja ya kukirudia hapa. Mwaka 2020 watafiti wawili, Ariella Kristal na Ashley Whillans, walitoa matokeo ya majaribio matano waliyofanya kwa wafanyakazi wa uwanja mmoja mkubwa wa ndege barani Ulaya. Wafanyakazi walikuwa karibu 70,000, wengi wao wakiendesha gari peke yao kwenda kazini. Waliandikiwa barua za kuwahimiza kuchangia gari na wenzao. Wakatumiwa barua pepe. Wengine wakaandaliwa mpango wa safari wa mtu mmoja mmoja, wengine wakapewa nafasi ya kupanda basi bure kwa muda. Tabia haikubadilika kwa kiasi cha maana. Mbinu zilizosifiwa kwenye vitabu ziligonga ukuta.

Napenda utafiti huo kwa sababu waandishi wake hawakuuficha. Na naupenda zaidi ukiuweka kando ya utafiti mwingine, wa hapa nyumbani, ambao ulifaulu kwa kutumia kitu cha bei rahisi kuliko barua: stika.

Tunajua historia yetu na matatu. Februari 2004 waziri wa uchukuzi John Michuki alileta sheria zake: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, ule mstari wa manjano, abiria 14 na hakuna kuning'inia. Hiyo haikuwa kugusa mtu kwa kiwiko. Hiyo ilikuwa kumshika shati. Ilisaidia kwa muda, kisha tukajua vile vidhibiti mwendo vinavyochokorwa na vile mkanda unavyovutwa kifuani ukiona polisi na kuachiliwa ukishampita.

Miaka minne baadaye, mwaka 2008, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walikuja na wazo tofauti. Walichukua zaidi ya matatu 2,000 za safari ndefu. Karibu nusu yake, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zikabandikwa stika ndani, mahali abiria anapoona, zikimwambia kwa Kiswahili na Kiingereza: dereva akiendesha vibaya, usinyamaze, sema. Nyingine zilikuwa na picha za kutisha za majeruhi. Ili dereva asizibandue, kukawa na bahati nasibu ya kila wiki ya pesa kwa dereva atakayekutwa nazo bado. Basi. Hakuna polisi aliyeongezwa, wala sheria mpya.

Madai ya bima yanayotokana na ajali kwenye matatu zilizopangiwa stika yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Kisha likarudiwa jaribio kubwa zaidi, kati ya 2011 na 2013, kwa maelfu ya matatu. Safari hii punguzo lilikuwa robo hadi theluthi. Bado ni kubwa. Matokeo yakachapishwa 2015, na mradi wenyewe tukaujua kwa jina la Zusha. Kama ulisafiri kwa matatu miaka hiyo, uliiona hiyo stika hata kama hukuisoma.

Stika iliwafanya nini abiria? Haikuwafundisha kwamba mwendo kasi unaua. Hakuna Mkenya asiyejua hilo. Nadhani ninajua ilichofanya kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kile kimya ilichokivunja.

Nilikuwa natoka Nairobi, matatu imejaa, tunateremka maeneo ya Kinungi. Dere akaanza kupita malori kwenye kona. Mara ya kwanza nikashika kiti. Mara ya pili nikamwangalia jirani yangu; alikuwa kwenye simu. Nyuma mtu alikuwa amelala. Mbele wanaongea siasa. Nikajiambia labda ni mimi tu mwoga. Mara ya tatu mama mmoja kiti cha nyuma akapaza sauti: "Wewe dere! Sisi tuko na watoto nyumbani!" Na hapo hapo gari zima likalipuka. Yule wa simu, yule wa siasa, hata yule niliyedhani amelala, wote walikuwa na maneno, tena makali. Makanga akajaribu mzaha, ukakosa mcheko. Dere akapunguza. Kumbe sote 14 tulikuwa tunaogopa, na kila mmoja alikuwa anasoma kimya cha mwenzake kama ruhusa.

Stika ilikuwa yule mama. Ilimwambia kila abiria kwamba wenzake nao wanaogopa, kwa hivyo akisema hatakuwa peke yake. Zile barua za uwanja wa ndege zilimfikia mtu mmoja, mezani kwake, zikamwomba abadilike akiwa pekee. Labda nalazimisha ulinganisho, maana ajali na moshi si kitu kimoja, na mtu anayeogopa kufa leo anasikia haraka kuliko mtu anayeambiwa hewa itaharibika kesho. Lakini kuna funzo nimelichukua: jinsi tunavyosafiri si siri ya mtu na nafsi yake. Tunasafiri tukitazamana.

Rudi sasa kwenye barabara yetu. Asubuhi, ukisimama dakika kumi tu upande wa barabara kuu, utaona mto wa watu kwa miguu. Wanafunzi, mafundi, wasichana wa saluni, walinzi waliotoka zamu, mama wa mboga na mzigo wake. Tena sisi wa ofisi ndio wachache. Kwa lugha ya mikutano ya mazingira, hawa ndio mfano wa kuigwa duniani. Hawatoi moshi hata chembe. Huko Ulaya wanatafuta dawa ya kumtoa mtu kwenye gari. Sisi wengi wetu bado hatujaingia. Kwa hiyo swali letu haliwezi kuwa lile lile. Swali letu ni: nini kitamfanya anayetembea leo aendelee kutembea akipata pesa kidogo?

Na kwa sasa jibu ni kwamba hakuna. Kila kitu kinamwambia atoke haraka. Kutembea ni chumba cha kupanga. Unakaa ukisubiri kujenga. Kila mmoja kwenye ule mto anadhani wengine wanamwona amesota, kumbe wengine nao wanawaza hivyo hivyo kujihusu.

Mathe wangu ndiye aliyenipa sehemu ya hesabu hii ambayo sikuipata kwenye utafiti wowote. Kila Jumapili ananiuliza gari litakuja lini. Nikamwambia, kama mchezo, kwamba nafikiria kuendelea kutembea, ni afya, ni mazingira. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nimetembea na maziwa mgongoni kutoka nikiwa msichana. Alfajiri, umande mpaka magotini. Nilitembea ndio wewe usitembee. Sasa unaniambia unatembea kwa kupenda?"

Sikuwa na jibu. Kahneman na Tversky wanasema kupoteza kunauma kuliko kupata. Sawa. Kwa mama yangu, mtoto mwenye digrii anayekwenda kazini kwa miguu ni kurudisha kitu alichokilipia kwa magoti yake. Ukimwendea na habari za hewa chafu atakusikiliza kwa heshima, kisha atakuuliza gari litakuja lini. Mtu yeyote anayetaka kupanga usafiri wa miji yetu, na hajakaa na mama kama huyo, atashangaa kwa nini mabango yake hayafanyi kazi.

Hata hivyo tabia huwa zinavunjika. Mara nyingi zinavunjwa na kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Februari 2014 wafanyakazi wa reli ya chini ya ardhi jijini London waligoma kwa siku mbili, baadhi ya vituo vikafungwa, watu wakalazimika kutafuta njia nyingine za kufika kazini. Wachumi walipochunguza kumbukumbu za kadi za nauli, walikuta kwamba mgomo ulipoisha, kama mtu mmoja kati ya ishirini hakurudi kwenye njia yake ya zamani. Alikuwa amepita njia mbaya miaka yote bila kujua, kwa sababu hakuwahi kulazimika kujaribu nyingine.

Sisi tulipata mgomo wetu, kwa namna fulani. Mwaka 2020, wakati wa korona, matatu ziliondolewa katikati ya mji wa Nakuru zikasukumwa pembeni, na abiria wakalazimika kumalizia kipande cha mwisho kwa miguu. Hilo lilikuwa jaribio ambalo mtafiti angelilipia pesa nyingi. Lakini Mwingereza aliyelazimishwa kujaribu alikuta njia fupi zaidi. Mimi na wenzangu tulikuta nini? Mtaro ulio wazi, wachuuzi waliobanwa kwenye upenyo mmoja na wapita njia, tope siku ya mvua, na akina mama waliobeba magunia ambayo zamani yalishushwa mlangoni mwa soko. Wafanyabiashara walilalamika, na walikuwa na sababu. Baadaye, utawala wa kaunti ulipobadilika, matatu zikaruhusiwa kurudi, na jioni ile tao ilisikika honi kama sherehe. Kumlazimisha mtu kujaribu kunasaidia tu kama anachokijaribu kinafaa.

Hapa nirudi kwa kitu ambacho wanaume wengi wanaoandika kuhusu kutembea hawakitaji. Asubuhi natembea kwa aibu kidogo. Jioni natembea kwa hofu. Jua hapa linazama kama saa kumi na mbili unusu, na giza haliji kwa hatua, linaanguka. Kuna kipande cha njia yetu ambacho taa zake ziliwekwa, zikawaka, zikazima. Nikitoka ofisini saa kumi na mbili, napita hapo nikiwa nimeshika funguo katikati ya vidole. Kwa miaka miwili nilitembea asubuhi na kupanda boda jioni. Huo haukuwa uvivu. Hakuna stika duniani itakayoniambia nipite pale peke yangu.

Januari, mimi na wenzangu wawili tunaofanya kazi jengo moja, wote wa upande huu, tulianza kungojana. Saa kumi na moja unusu, mlangoni. Tukafungua grupu ya WhatsApp, tukaiita Kwa Miguu, jina ambalo halikumchosha mtu kulifikiria. Wiki ya pili tukawa watano. Mwisho wa Februari tulikuwa kumi na mmoja, wanawake tisa na wanaume wawili walioomba ruhusa kwanza. Nilichokiona sikukitarajia. Yale maneno ya vijana wa kona yalipungua, kwa sababu kumtania mtu mmoja ni rahisi, kutania watu kumi na mmoja wanaocheka ni kazi. Viatu vya raba vikaanza kuonekana chini ya madawati ya ofisi. Na lile swali la kwani umesota likapotea, maana watu kumi na mmoja hawawezi kusota siku moja.

Ijumaa moja msimamizi wetu, mwenye gari, akasema atatembea nasi. Nilidhani ni mzaha. Aliacha gari, akatembea, akalalamika kuhusu mtaro mpaka mwisho wa safari. Jumatatu yake watu watatu waliokuwa wanatucheka walikuja kuuliza tunaondoka saa ngapi. Sijui kama niseme hilo ni zuri au la kusikitisha. Miguu ya bosi ilikuwa na uzito ambao miguu yetu kumi na mmoja haikuwa nao.

Kisha mvua ya Aprili ikaja. Tope likarudi, mtaro ukafurika, tukabaki wanne. Grupu ikawa ya kutumiana habari za nani ana nafasi kwenye gari. Wanne hao bado tunatembea, siku ambazo anga linakubali. Siwezi kukudanganya kwamba tumebadilisha mji.

Na kuna yule kijana wa geti. Tulipoanza kutembea jioni, alinisalimia vizuri kama kawaida, halafu akaniuliza bila hasira: "Madam, sasa nyinyi mkitembea wote, mimi nitakula nini?" Nilisimama. Hamsini yangu ya asubuhi ni chai na mandazi ya mtu. Yeye ananiendea dukani mvua ikinyesha, na usiku mathe alipougua yeye ndiye aliyetufikisha hospitali. Mtu akiniletea mpango wa usafiri safi usio na nafasi ya huyo kijana, mimi nitamkatalia. Nilimuuliza kuhusu nduthi za umeme. Amezisikia. Hesabu yake ya mafuta anaijua mpaka senti, na anajua umeme ungekuwa nafuu. Umeme wetu mwingi ni safi. Mvuke wa Olkaria uko ndani ya kaunti hii hii yetu. Kilichomzuia si hesabu. "Hapa steji bado hakuna mwenye kununua," akasema. "Betri ikiniishia Lanet na mteja, nitachekwa na nani?" Nikatambua swali hilo. Ni langu, limevaa helmeti.

Kwa hivyo nimefika mahali ambapo naipenda sayansi hii na naiogopa. Naipenda kwa sababu imeniondolea lawama. Nilidhani watu hawajali, kumbe wanatazamana tu. Naiogopa kwa sababu stika ni rahisi. Ofisi ikiwa na bajeti ya njia ya waendao kwa miguu, na mtu akaileta hadithi kwamba kuna mahali stika peke yake ilifanya maajabu, najua kitakachochapishwa. Tutabandikiwa mabango ya "Tembea, Okoa Mazingira" kwenye nguzo ambazo taa zake haziwaki. Zusha ilifanya kazi kwa sababu abiria alikuwa tayari ndani ya gari, dereva yuko mita mbili mbele yake, na breki zipo. Kilichokosekana kilikuwa sauti tu. Kwetu hapa sauti tunaweza kuipata wenyewe, hata kwenye WhatsApp. Kinachokosekana ni breki: taa, mfuniko wa mtaro, na kipande cha njia ambacho mtu hagombanii na gari.

Mathe nimemwambia hivyo hivyo, kwa lugha yake. Nikamwambia sitaki atembee umande tena, na mimi sitaki kutembea umande. Nataka kutembea kwa njia iliyonyooka, yenye taa, nikiwa na viatu vizuri, kama yule mzee wa kaptura. Akacheka. Akasema, "Hiyo njia ikijengwa, nitakuja tutembee. Kabla ya hapo, jaza fomu."

Ni jibu la haki. Fomu bado iko kwenye droo, na sijaijaza. Katiba inasema wananchi washirikishwe kwenye bajeti, na kaunti huwa inaitisha vikao. Sijawahi kuhudhuria hata kimoja. Nilidhani ni vya wazee na wanasiasa. Sasa kwenye grupu tumeorodhesha taa zilizozima, nguzo kwa nguzo, kutoka barabara kuu mpaka mtaani. Ni nguzo kumi na saba. Kikao kijacho tutaipeleka hiyo orodha, na nimewaomba hata wale saba waliokimbia mvua waje. Mwakilishi wa wadi akiona watu wanne ataona wanne. Akiona kumi na mmoja, tena na yule msimamizi mwenye gari, labda ataandika kitu kwenye karatasi yake.